Mbio au pasi? Somo la mpira wa Kimarekani kwa sisi wa Voi

Simu ililia saa tisa na nusu usiku wa kuamkia Jumamosi. Kwetu hapa Voi, simu ya saa hiyo huwa ni habari ya msiba, kwa hivyo nilikwisha kusema inna lillahi kabla sijatazama ni nani. Alikuwa dada yangu, anayeishi Columbus, jimbo la Ohio huko Marekani. Nyuma ya sauti yake nilisikia tarumbeta na kelele za watu. Mwanawe wa miaka 16 alikuwa ameanguka uwanjani akicheza ule mpira wao wa kofia za chuma, na hakuinuka.

Alhamdulillahi, hakuwa amekufa. Ni goti. Siku ya tatu akanipigia mwenyewe.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Waonaje hali?"

Akanieleza kwamba mshipa wa ndani ya goti umekatika, atapasuliwa, na huenda asicheze kwa karibu mwaka mzima. Kisha akasema maneno ambayo yamenikaa kichwani mpaka leo: "Mjomba, usiku ule walinipa mpira mara 27. Kila mtu uwanjani alijua nakuja mimi. Hata walinzi wa wenzetu walikuwa wakinyoosheana vidole kabla sijaanza kukimbia."

Tangu siku hiyo nimeufuatilia mchezo huo kwa simu yangu, baada ya isha, kama mtu anayesomea mtihani. Mimi si mtaalamu wa michezo. Nina stashahada ya uhasibu, na wikendi nasaidia kufunza timu ya vijana wa mtaani kwetu. Lakini hesabu hainitishi, na nimegundua kwamba ndani ya mchezo huo kuna hesabu moja ambayo sisi huku tungefaidika nayo. Wenzangu wa barazani wameniuliza mara nyingi ni mchezo gani huo wa kuangushana. Leo nitaujibu umma wote kwa pamoja.

Mchezo wenyewe kwa ufupi

Timu mbili, watu 11 kila upande. Kutoka mstari wa goli mmoja hadi mwingine ni yadi 100, yaani kama mita 91. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusogea mbele angalau yadi 10. Ikifaulu, hupewa majaribio mengine manne kuanzia pale ilipofika. Ikishindwa, mpira huenda kwa wenzao. Ukiufikisha mpira nyuma ya mstari wa goli la wapinzani unapata pointi 6. Ukishindwa kufika lakini uko karibu, unaweza kuupiga kwa mguu upite katikati ya milingoti ukapata 3.

Kila jaribio huanzia mikononi mwa mchezaji mmoja anayeitwa kwotabeki. Huyo ndiye nahodha wa jahazi. Ana njia mbili kubwa. Ya kwanza, ampe mpira mkimbiaji aliyesimama karibu naye, naye apenye katikati ya miili ya watu. Ya pili, aurushe kwa mkono upite juu ya vichwa vya walinzi, mwenzake aliyekimbia mbele audake. Mbio au pasi. Mjadala wa makocha wa Marekani, mwaka nenda mwaka rudi, unazunguka hapo hapo: tukimbie mara ngapi, turushe mara ngapi?

Kila njia na bei yake

Katika ligi yao kuu, NFL, mbio moja huleta wastani wa yadi nne na kitu. Pasi moja huleta kama yadi 7, hata ukiingiza kwenye hesabu zile zinazoanguka chini. Mhasibu akiona hivyo atauliza mara moja: kwa nini basi mtu akimbie hata siku moja? Si arushe tu?

Jibu la kwanza ni hatari. Mbio huleta kidogo lakini huleta karibu kila mara. Pasi, hata kwa mabingwa, hudakwa kama mara mbili katika kila tatu. Ile ya tatu huanguka chini na jaribio limepotea bure. Mbaya zaidi, adui anaweza kuidaka yeye, na mpira ukawa wake. Pia kwotabeki anaweza kuangushwa akiwa bado anatafuta wa kumrushia, timu ikarudi nyuma badala ya kwenda mbele.

Jibu la pili ni saa. Mkimbiaji akiangushwa ndani ya uwanja, saa ya mchezo inaendelea kuhesabu. Pasi ikianguka chini, saa inasimama. Anayeongoza hutaka dakika ziishe, kwa hivyo hukimbia. Aliyeachwa nyuma hutaka kuokoa kila sekunde, kwa hivyo hurusha.

Jibu la tatu ndilo kubwa, na sikulielewa mpaka nilipozungumza na mzee mmoja jirani yangu, mwenye shamba kule Sagalla.

Ndovu na nyani wa Sagalla

Wanaolima chini ya mlima wa Sagalla wanajua. Ndovu wa Tsavo huja usiku, kwa miguu, kwa uzito wao wote. Wakiingia kwenye mahindi, asubuhi hakuna shamba. Ndiyo maana wengine kule wamezungushia mashamba yao mizinga ya nyuki, kwani ndovu na ukubwa wake wote huogopa nyuki. Nyani naye ni adui wa namna nyingine. Huja mchana, kutoka juu kwenye mawe na miti, mwepesi, na ukigeuka tu amekwisha kubeba.

Mzee ana vijana watatu wa kulinda. Aliniambia hivi: "Nikiwaweka wote watatu usiku kumngojea ndovu, mchana wanalala, na nyani anakula. Nikiwaweka wote mchana, ndovu ananimaliza. Na hata siku ambayo nyani haji, lazima mmoja akae upande wa mawe, kwa sababu najua yuko kule juu ananitazama."

Hapo nikaielewa pasi. Mbio ni ndovu, pasi ni nyani. Timu inayojua kukimbia peke yake huwafanya walinzi wote wasogee karibu na mstari, wajazane mbele kama ukuta, na kila yadi inakuwa ya damu. Timu inayojua kurusha peke yake huwafanya walinzi warudi nyuma wakangojee mpira angani. Lakini yenye vyote viwili humnyima mlinzi usingizi. Pasi inafanya kazi hata isiporushwa, maana kuna watu lazima wabaki nyuma kuingoja, na hao ni watu wasioweza kumwangukia mkimbiaji.

Ndiyo asili ya ule ujanja wao mzuri kuliko wote, ambao mimi nauita pasi ya danganya toto. Kwotabeki hujifanya anampa mkimbiaji mpira. Mkimbiaji naye hujikunja kama aliyeukumbatia. Walinzi wanakimbilia mbele kumwangusha, kumbe mpira bado uko kwa kwotabeki, na nyuma yao pamebaki wazi kama uwanja wa Idi siku ya pili.

Pasi ilizaliwa kwa sababu ya maiti

Jambo lililonishtua zaidi ni kwamba hapo mwanzo pasi ya mbele ilikuwa marufuku. Wamarekani walicheza kwa kukimbia na kusukumana tu. Wachezaji walishikana mikono wakawa kama kabari, wakamvamia mlinzi mmoja kwa pamoja. Mwaka 1905 magazeti ya huko yalihesabu vijana wasiopungua 18 waliokufa kutokana na mchezo huo. Rais Theodore Roosevelt, ambaye mwenyewe aliupenda, aliwaita Ikulu wawakilishi wa vyuo vya Harvard, Yale na Princeton mwezi Oktoba akawataka wausafishe. Kulikuwa na watu waliotaka upigwe marufuku kabisa.

Msimu wa 1906 sheria zikabadilishwa, na moja ya mabadiliko ilikuwa kuruhusu mpira urushwe mbele. Fikra yake ilikuwa nyepesi: watu wakitawanyika uwanjani, hawatalundikana sehemu moja na kuvunjana shingo. Tarehe 5 Septemba 1906 Bradbury Robinson wa chuo cha St. Louis akarusha pasi ya kwanza halali. Ile ya mwanzo ilianguka chini, na kwa sheria za wakati huo timu yake ikapoteza mpira. Baadaye katika mchezo huo huo akarusha nyingine, ikadakwa, na ikawa goli.

Makocha wengi hawakuiamini. Waliiona ni mchezo wa waoga. Mpaka tarehe 1 Novemba 1913, chuo cha Notre Dame kilipokwenda kucheza na timu ya chuo cha jeshi, Army, iliyojaa wanaume wa miraba minne. Gus Dorais alirusha, Knute Rockne na wenzake wakadaka, na Notre Dame wakashinda 35 kwa 13. Jeshi lilipoanza kurudi nyuma kuzilinda pasi, Notre Dame wakakimbia katikati. Ndovu na nyani, miaka zaidi ya 100 iliyopita.

Kwa hivyo msomaji wangu, usidhani pasi ililetwa kwa sababu ya kupendeza macho. Ililetwa kwa sababu watoto wa watu walikuwa wakifa kwa kubebeshwa mchezo mzima kwa miili yao.

Mizani si nusu kwa nusu

Kosa ambalo nami nililifanya mwanzo ni kudhani mizani maana yake ni mbio 30 na pasi 30. Sivyo. Mizani ni kuwa na uwezo wa vyote viwili na kujua saa ya kila kimoja.

Chukua fainali yao, Super Bowl, ya tarehe 1 Februari 2015. Seattle walikuwa nyuma 24 kwa 28. Zilibaki sekunde 26. Mpira ulikuwa yadi moja tu kutoka mstari wa goli, na walikuwa na Marshawn Lynch, mkimbiaji aliyekuwa akisifika kwa kuburura watu watatu mgongoni. Dunia nzima ilingoja apewe yeye. Wakarusha. Malcolm Butler wa New England akaudaka mpira, na kombe likaondoka. Kocha alilaumiwa mpaka leo. Lakini alikuwa na hoja: pasi ikianguka chini saa inasimama, na angebaki na majaribio mengine mawili ya kukimbia. Hesabu haikuwa ya kijinga. Ilikuwa ni bei ya hatari niliyoitaja, nayo ililipwa siku mbaya kuliko zote.

Miaka miwili baadaye, tarehe 5 Februari 2017, Atlanta waliongoza 28 kwa 3 dhidi ya New England hao hao. Walipaswa kuzila dakika kwa mbio. Wakaendelea kurusha. Zikiwa zimebaki kama dakika 4, wakiongoza 28 kwa 20, walikuwa wamefika pale ambapo kuupiga mpira kwa mguu tu kungewapa pointi 3 na pengine kombe. Wakataka kurusha tena, kwotabeki wao akaangushwa, wakasukumwa nyuma mpaka nafasi ya kuupiga ikapotea. Walifungwa 34 kwa 28 katika muda wa nyongeza. Hao walisahau saa.

Kisha kuna waliopatia. Msimu wa 2024 Philadelphia walikuwa na Saquon Barkley. Huyu bwana mwaka 2020 alikatika mshipa wa goti, kama mpwa wangu, na watu wengi walidhani amekwisha. Mwaka 2024 alikimbia yadi 2,005 kabla ya mechi za mtoano. Alibakiza yadi 101 tu kuivunja rekodi ya msimu mmoja iliyowekwa na Eric Dickerson mwaka 1984, na mechi moja ilikuwa imebaki. Kocha akampumzisha. Rekodi ikabaki pale pale.

Wiki tano baadaye, tarehe 9 Februari 2025, walikutana na Kansas City katika fainali. Kansas City walikuja na mpango mmoja: Barkley asipite. Na kweli hakupita sana, alipata yadi 57 tu. Lakini walipomkazia macho yeye, kwotabeki Jalen Hurts alirusha pasi zake 22 zikadakwa 17, na mara nyingine akakimbia mwenyewe. Philadelphia walishinda 40 kwa 22, na Hurts akatajwa mchezaji bora wa fainali. Barkley aliwashinda Kansas City kwa kuogopwa. Na aliogopwa kwa sababu alifika akiwa mzima.

Kwa asiye na bunduki kubwa

Huenda mtu akaniambia, hao wana mamilioni. Timu isiyo na mrushaji hodari ifanye nini? Mwaka 1970 huko Cincinnati kocha mmoja aitwaye Bill Walsh alikuwa na kwotabeki, Virgil Carter, ambaye mkono wake haukuwa na nguvu za kurusha mbali. Hakumlazimisha. Akatunga mfumo wa pasi fupi fupi za pembeni, yadi 5 au 6, zinazodakwa karibu kila mara. Yaani akazifanya pasi zifanye kazi ya mbio. Baadaye alikwenda nao San Francisco, akashinda Super Bowl tatu. Mizani yake aliijenga kwa alichokuwa nacho jikoni.

Tukirudi kwenye vumbi letu

Sasa nitasema la kwangu, na haliniachi na fahari.

Timu yetu ya mtaani inacheza mpira wa miguu, tena kwenye uwanja wa udongo mwekundu ambao ukimaliza mchezo hata mate ni mekundu. Tuna kijana wa miaka 17, jezi namba 9, baba yake ni wa bodaboda. Ana mbio za swala. Mpango wetu wa mchezo ulikuwa mmoja: piga mbele, namba 9 atakimbilia. Tulishinda mechi nyingi kwa mpango huo, tukajiona makocha.

Mechi moja ya mtoano wenzetu walimwekea watu wawili. Akapigwa kifundo cha mguu, akatoka akichechemea. Mimi mwenyewe, kwa mikono yangu, nilimfunga bendeji nikamwambia, "Rudi mwanangu, bila wewe hatuna kitu." Akarudi. Tulifungwa vile vile, naye akakaa wiki sita hatembei sawasawa. Babake hakunilaumu kwa neno. Alinipa salamu tu, akaniangalia, akaondoka na pikipiki yake.

Mpwa wangu aliponiambia "kila mtu alijua nakuja mimi", nilimwona namba 9. Nikachukua daftari. Mechi iliyofuata, yeye akiwa amerudi, nilipiga vijiti kama mhasibu: mipira ya mbele 31, na 26 ilikuwa yake. Kumbe sisi pia tulikuwa kama wale wa kabla ya 1906.

Tulichobadilisha si kikubwa. Tulianza mazoezi ya pasi fupi za pembeni, tatu au nne, kabla ya ile ndefu. Beki wetu wa kulia, mtoto mpole ambaye hakuna aliyemtegemea, akapewa ruhusa ya kupanda. Na namba 9 tukamfundisha danganya toto: akimbie kama anayefuata mpira mrefu, awavute wale walinzi wawili, kumbe mpira unapita kwingine. Mechi mbili za kwanza tulifungwa, na wazazi walitupigia kelele turudi kwa "piga mbele". Ya tatu tukatoka sare. Ya nne tukashinda 2 kwa 1, na magoli yote mawili hayakuwa ya namba 9. Alikuwa mtu wa kwanza kumkumbatia mfungaji. Nilihesabu tena: mipira 28, yake ilikuwa 11. Na kila mmoja wa hiyo 11 aliupata akiwa na mlinzi mmoja tu mbele yake.

Kwa wanaopenda mchezo wenyewe wa Kimarekani, mlango hauko mbali kama unavyodhani. Mkenya Daniel Adongo alitoka kwenye raga akaingia Indianapolis Colts mwaka 2013. Na Olimpiki ya Los Angeles ya 2028 itakuwa na futiboli ya vibendera, kwa wanaume na kwa wanawake. Huo ni watu watano kila upande, hakuna kuangushana. Unamsimamisha mwenye mpira kwa kumvua kibendera kiunoni. Hauhitaji kofia wala magoti ya chuma. Uwanja wowote wa shule hapa Taita Taveta unatosha, na wasichana wetu wanaweza kuucheza wakiwa na hijabu zao bila taabu.

Kwa makocha wenzangu, ombi langu ni dogo. Wikendi hii chukueni daftari, mpige vijiti. Hesabuni mara ngapi mnamtegemea mtoto mmoja. Nambari hiyo ikiwatisha, basi ilikuwa imekwisha kumchosha yeye zamani.

Mpwa wangu amepasuliwa salama na ameanza kukanyaga. Juzi alinipigia akaniambia kocha wao amemwita, anataka akirudi ajifunze pia kudaka pasi. "Waonaje mjomba?" akaniuliza. Nikamwambia ajifunze, na kwanza amuulize kocha ni nani mwingine atakayekimbia.